Bonde Lililozama: Maneno ya Kusomea Ustaarabu wa Kale, Yakipimwa kwa Mombasa

Vitabu vya historia vinavyosomwa katika shule za Afrika Mashariki huanza habari za ustaarabu wa kale kwenye mabonde manne ya mito: bonde la Tigri na Frati katika nchi ambayo leo ni Iraki, bonde la Naili nchini Misri, bonde la Indus huko Pakistani na India ya kaskazini-magharibi, na bonde la Mto wa Manjano nchini Uchina. Pamoja na mabonde hayo huja maneno ambayo mwanafunzi hutakiwa kuyajua, kama vile ziada, tabaka, dola, himaya na nasaba, na mara nyingi huyakariri kana kwamba yana kazi huko tu na hayamhusu aliyezaliwa Kisauni, Likoni au Changamwe. Makala haya yanayaleta maneno hayo Mombasa, hasa upande wa bara unaotazamana na kisiwa, kutoka Nyali hadi Mtwapa, kwa sababu neno la kitaaluma ni chombo cha kupimia, na ubora wa chombo hujulikana kinapopimiwa kitu ambacho hakikutengenezewa.

Neno la kwanza ni bonde la mto lenyewe. Kwa wanahistoria, maana yake ni ardhi tambarare ambayo mto huifunika kwa mafuriko ya kila mwaka, kisha hurudi kwenye njia yake na kuacha tope laini lenye rutuba, hata mkulima akapata mbolea bila kuitafuta wala kuibeba. Naili ilifurika hivyo kati ya Juni na Septemba kwa maelfu ya miaka mpaka Bwawa Kuu la Aswan lilipokamilika mwaka 1970. Nchini Kenya mfano wa karibu ni Tana, mto mrefu kuliko yote nchini, ambao Wapokomo wamepanda mpunga na migomba kandokando yake kwa kufuata kupanda na kushuka kwa maji. Mombasa haina mto wa namna hiyo. Hata hivyo, mtu anayevuka Daraja la Nyali anapita juu ya bonde la mto bila kulijua, kwa maana hori lile, yaani mkono wa bahari unaoingia ndani ya nchi kavu, ni bonde lililozama. Miaka 20,000 hivi iliyopita, wakati sehemu kubwa ya maji ya dunia ilikuwa imeganda kuwa barafu, usawa wa bahari ulikuwa chini kwa zaidi ya mita 100 kuliko ulivyo leo, na mito ya Pwani ilichimba njia zake kwa kina kirefu kuufuata. Barafu ilipoyeyuka, bahari ilipanda na kuyameza mabonde hayo. Hori la Tudor, hori la Port Reitz, la Mtwapa na la Kilifi yote yalifanyika hivyo, na mito midogo kama Kombeni bado humwaga maji yake humo.

Jambo hilo la jiografia lina uzito katika historia. Huko Sumeri, kusini mwa Iraki, maji ya mto yaliingia shambani kwa umwagiliaji, yaani kazi ya kuchimba mifereji na kuyagawa maji kwa zamu, na mwaka 1957 mtaalamu Karl Wittfogel aliandika kitabu akidai kwamba kazi kubwa ya namna hiyo ndiyo iliyozaa watawala wenye nguvu zote, kwa kuwa anayeshika mfereji hushika pia tumbo la mkulima. Dai hilo haliwezi kuieleza Mombasa, ambayo haikuwa na mifereji ya jinsi hiyo na bado ikawa mji wenye wafalme. Bonde lililozama liliipa kitu kingine: maji yenye kina yaliyokingwa na mawimbi, pande zote mbili za kisiwa, ambamo vyombo vingeweza kutia nanga na kungoja upepo. Kaskazi, inayovuma kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, ilileta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, na kusi, inayoanza Aprili, iliyarudisha. Mafuriko yaliyoijia Misri kila mwaka kwa njia ya mto, Mombasa ilijiwa nayo kwa njia ya tanga.

Hapo ndipo neno kalenda linapopata nguvu. Wamisri wa kale walikuwa na mwaka wa siku 365, uliogawanywa katika makumi ya siku, na siku 5 za ziada mwishoni. Waswahili nao, mbali na mwaka wa Kiislamu unaofuata mwezi, walihesabu mwaka wa jua wa siku 365 kuanzia Siku ya Mwaka, na kuugawa katika miongo, kila mwongo siku 10, ili nahodha ajue lini atweke tanga na mkulima ajue lini apande. Kufanana huko hakuthibitishi kwamba mmoja alimwiga mwenzake. Kunathibitisha tu kwamba jamii inayoishi kwa jambo linalorudi kila mwaka, liwe maji au upepo, hulazimika kuhesabu siku.

Ziada ni neno ambalo wanafunzi hulipita haraka, ingawa ndilo linalobeba mengine yote. Maana yake ni chakula kinachobaki baada ya mkulima na watu wake kushiba, na pasipo hicho hakuna mhunzi, mwandishi, askari wala mfalme, kwa kuwa wote hao hula bila kulima. Katika mabonde ya mito ziada ilitoka shamba lililopakana na mji. Kwa Mombasa kuna ushahidi wa wazi wa msafiri Ibn Battuta, aliyelala kisiwani usiku mmoja mwaka 1331 na kuandika kwamba wenyeji hawakulima nafaka, bali waliletewa kutoka nchi ya Sawahili, na kwamba chakula chao kikubwa kilikuwa ndizi na samaki. Aliona pia ndimu, na tunda alilolifananisha na zeituni, ambalo msomaji wa Pwani atalitambua kuwa zambarau. Mji, basi, ulikuwa unalishwa na ng'ambo. Neno linalofaa kwa uhusiano huo Waswahili wanalo tayari, nalo ni bara, yaani nchi iliyo nyuma ya mji, inayoupa chakula na bidhaa na kupokea vitu vya baharini. Pembe za ndovu, gundi na nafaka zilishuka kutoka kwa Wamijikenda na majirani zao, na nguo, shanga na vyombo vya kauri vikapanda. Uhusiano huo haujakatika hata leo: soko kubwa la vyakula la Mombasa liko upande wa bara, mahali panapoitwa Kongowea, na Kongowea ni mojawapo ya majina ya kale ya Mombasa yenyewe. Mama anayenunua viazi na vitunguu vilivyoteremshwa usiku kutoka kwenye malori ya bara anashiriki utaratibu uleule ambao Ibn Battuta aliukuta ukiwa umekwisha kukomaa.

Ziada ikipatikana, huzaa mgawanyo wa kazi, kisha tabaka. Tabaka ni kundi la watu wanaolingana kwa mali, heshima au uwezo wa kuamrisha, na Jumba la Mtwana, magofu yaliyo kaskazini mwa hori la Mtwapa, yanalionyesha neno hilo kabla mgeni hajaingia, kwani mtwana ni mtumwa wa kiume. Mji huo ulistawi katika karne ya 14 na kuhamwa mapema katika karne ya 15, na mchimbuzi James Kirkman aliufukua mwaka 1972. Yanayoonekana leo, yaani misikiti minne, nyumba chache kubwa na kaburi, yote ni ya mawe, na jambo hilo linaweza kumpotosha mtazamaji, kwa sababu wengi wa wakazi walikaa katika nyumba za udongo na makuti ambazo hazikuacha kuta. Anayehesabu kuta za mawe peke yake anahesabu tabaka moja tu.

Msikiti ulio karibu na bahari unastahili kutazamwa polepole. Kuna birika la kutawadhia, na chini, mbele ya birika, yamepachikwa mawe ya matumbawe yenye uso wa kukwaruza, ambayo muumini alisugulia nyayo kabla ya kuingia. Ibn Battuta, akieleza misikiti ya Mombasa, anasema ilikuwa ya mbao, iliyojengwa kwa ustadi, na kwenye mlango wa kila mmoja palikuwa na kisima chenye kina cha dhiraa moja au mbili, kata ya mti iliyofungwa kwenye kijiti chembamba, sakafu iliyosakafiwa, na mkeka mnene wa kupangusia miguu. Maandishi ya msafiri na mawe ya Mtwapa ni ya karne moja, na yanasema jambo moja kuhusu miguu safi. Wanahistoria hukiita kitu kama hicho ushahidi unaothibitishana, yaani mashahidi wawili wasiojuana wanaoafikiana, na hakuna ushahidi wenye thamani kuushinda.

Neno linalohitaji uangalifu mkubwa zaidi ni ustaarabu. Mwaka 1950 mwanaakiolojia V. Gordon Childe alitaja alama 10 za kuutambua mji wa kale, zikiwemo wingi wa watu, mafundi wasiolima, kodi, majengo makubwa ya umma, maandishi na biashara ya mbali, na orodha yake ndiyo iliyojificha nyuma ya fasili nyingi za ustaarabu zilizomo katika vitabu vya shule. Aliitunga kwa kutazama hasa Mesopotamia, Misri, Indus na miji ya Wamaya, kwa hiyo haishangazi kwamba jamii nyingine zilionekana zimepungukiwa. Kwa Kiswahili kuna ugumu wa pili, nao umo ndani ya neno lenyewe, kwani ustaarabu limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kujifanya au kuwa kama Mwarabu, na lilipata nguvu Pwani katika karne ya 19, enzi ya utawala wa Mabusaidi wa Zanzibar. Kabla ya hapo watu wa miji ya Pwani walijipima kwa neno uungwana. Mwungwana alikuwa mtu huru, mzaliwa wa mji, mwenye adabu, usemi mzuri na elimu ya dini, na aliyekaa mjini kwa namna inayojulikana na wenziwe. Kipimo hicho kilitoka ndani, na ubaya wake nao ulikuwa wa ndani, maana mwungwana alihitaji mtwana wa kutofautishwa naye.

Madhara ya kuchanganya maneno haya yalikuwa makubwa. Kwa muda mrefu katika karne ya 20 wataalamu wengi waliitazama misikiti na majumba ya Pwani wakaamini kwamba ni kazi ya wageni waliokuja na ustaarabu wao merikebuni, na kwamba Waafrika waliupokea tu. Uchimbaji wa Mark Horton huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, uliofanyika miaka ya 1980, ulionyesha kitu tofauti: chini ya msikiti wa mawe palikuwa na misikiti midogo ya miti na udongo iliyofuatana mmoja juu ya mwingine hadi karne ya 8, na vyombo vya jikoni vilivyokuwa vikitumika tangu mwanzo vilikuwa vya kienyeji. Vyungu vya aina hiyo, vyenye michoro ya pembetatu iliyokwaruzwa karibu na mdomo, wanaakiolojia huviita vya mapokeo ya Tana, kwa jina la mto ule ule, na vimepatikana tangu Lamu hadi Msumbiji. George Abungu, mwanaakiolojia wa Kenya, alichunguza jinsi miji ya karibu na mlango wa Tana, kama Ungwana, ilivyofungamana na wakulima na wafugaji wa bonde hilo. Kwa hiyo bonde la mto lipo katika historia ya Waswahili, ila halikujenga piramidi. Lilitoa wapishi, na chungu cha mpishi kimesema yaliyonyamaziwa na vitabu vingi.

Dola ni mamlaka inayoweza kutoza kodi, kuhukumu na kuweka askari juu ya eneo fulani, na wasomaji wanaosikia habari za vyombo vya dola hawahitaji maelezo marefu. Dola ikiwa ni mji mmoja na mashamba yake, huitwa mji-dola. Uruk, Ur na Lagash za Sumeri zilikuwa hivyo, na hivyo ndivyo zilivyokuwa Mombasa, Malindi, Pate na Kilwa, kila mmoja na mtawala wake, vita vyake na mapatano yake. Vasco da Gama alipofika mwaka 1498 alikuta Mombasa na Malindi zikihasimiana, na Malindi ikampokea kwa sababu hiyo hasa. Anayeiita miji hiyo himaya ya Waswahili anakosea, hata akisema kwa nia ya kuisifu, kwa kuwa hapakuwa na mji uliotawala Pwani nzima, ijapokuwa Kilwa ilitia mkono wake mbali hadi Sofala kwa ajili ya dhahabu.

Ndani ya Mombasa yenyewe mamlaka yaligawanywa kwa namna ambayo orodha za Ulaya hazina jina lake. Palikuwa na Thenashara Taifa, yaani mataifa 12, yaliyojigawa katika Thelatha Taifa, ambao ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, na Tisa Taifa, wakiwemo Wamvita, Wajomvu, Wamtwapa na Wakilifi, na kila upande ulikuwa na kiongozi aliyeitwa tamimu. Taifa hapa halina maana ya nchi yenye bendera. Ni watu waliotoka mahali pamoja na kuingia mjini kwa pamoja, na baadhi ya majina yao hadi leo ni majina ya mitaa na vitongoji vya bara.

Himaya ni dola iliyotawala dola na watu wengine wasio wa asili yake. Sargoni wa Akadi, aliyeanza kutawala karibu na mwaka 2334 KK, huhesabiwa miongoni mwa wa kwanza kuunda dola ya namna hiyo, alipoitiisha miji ya Sumeri. KK ni kifupi cha Kabla ya Kristo, na miaka yake huhesabiwa kwa kurudi nyuma, hivi kwamba 2334 ni ya zamani kuliko 1792, mwaka ambao Hammurabi alianza kutawala Babeli. Mombasa inalijua neno himaya kutoka upande wa pili, upande wa anayetawaliwa. Wareno chini ya Francisco de Almeida waliuteka na kuuchoma mji mwaka 1505, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, na wakatolewa humo na Waomani mwaka 1698 baada ya kuzingirwa tangu 1696. Seyyid Said wa ukoo wa Mabusaidi aliwashinda Wamazrui, waliokuwa wakiutawala mji, na kuitwaa Mombasa mwaka 1837. Kisha mwaka 1895 Waingereza walitangaza himaya yao ya Afrika Mashariki, na hapo maana ya asili ya neno inajitokeza, kwani kwa Kiarabu himaya ni ulinzi. Mwaka 1920 bara ilifanywa koloni, lakini Mwambao, ukanda wa maili 10 uliokuwa mali ya Sultani wa Zanzibar, ulibaki kuitwa nchi iliyolindwa mpaka Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963. Mtu mwenye umri wa miaka 70 aliyezaliwa Likoni alizaliwa chini ya neno hilo.

Nasaba ni mfululizo wa watawala wa ukoo mmoja. Misri ilihesabu nasaba zake kwa makumi, na ya 25 ilitoka Kushi, katika Sudan ya leo. Mapokeo ya Mombasa humtaja malkia Mwana Mkisi, na baada yake Shehe Mvita, ambaye jina lake limebaki juu ya mji. Mapokeo si takataka. Ni ushahidi wa jinsi watu walivyotaka kujieleza, na siku hizi yanaweza kupimwa. Mwaka 2023 jarida la Nature lilitoa utafiti, ambao Chapurukha Kusimba alikuwa miongoni mwa viongozi wake, uliosoma vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao kutoka makaburi ya Pwani, ya Mtwapa yakiwemo. Ulionyesha kwamba asili ya Kiafrika ilipokelewa zaidi kupitia akina mama na asili ya Asia, hasa ya Uajemi, kupitia akina baba, na kwamba mchanganyiko huo ulianza karibu na mwaka 1000. Wazee waliosimulia habari za Washirazi, yaani wageni kutoka Uajemi, hawakuwa wakizua tu, na wachimbuzi waliosisitiza asili ya Kiafrika hawakukosea. Zaidi ya hayo, wanawake, ambao orodha nyingi za nasaba huwaruka, ndio waliobeba sehemu kubwa ya habari.

Kuhusu maandishi machache yanatosha. Wasumeri waliandika kwa alama za kabari juu ya vibao vya udongo, hasa ili kuhesabu mali, na maandishi ya Indus hayajasomeka mpaka leo, ingawa hakuna anayewanyima watu wa Mohenjo-daro, mji wa bonde hilo, ustaarabu wao kwa sababu hiyo. Pwani ina maandishi ya Kiarabu ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, ya mwaka 1107, na barua za Kiswahili kwa hati za Kiarabu kutoka Kilwa za mwanzoni mwa karne ya 18, zilizohifadhiwa Goa.

Neno la mwisho ni tabaka tena, safari hii tabaka za udongo. Mwanaakiolojia huchimba kwa kufuata safu, akijua kwamba iliyo chini ndiyo ya kale zaidi isipokuwa kama imevurugwa, na kila kigae hupata maana kutokana na safu kilimolala. Kigae kilichookotwa na kuwekwa kabatini ni kizuri, lakini kimekwisha kunyamaza. Nyali, Kisauni, Mtwapa na Likoni zinajengwa kwa kasi, na kila msingi wa nyumba hukata safu hizo kwa siku moja. Mwenye kiwanja, fundi au kibarua anayekuta chini ya mchanga kuta za matumbawe, vigae vyenye pembetatu zilizokwaruzwa au vipande vya kauri ya buluu na nyeupe, asivitoe hapo. Asimamishe jembe na kuwaarifu Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, ambao wana ofisi yao katika Ngome ya Yesu, kisiwani.